Mota ya mashine ya kusaga inakata breka na inapiga shoti. Niweke breka kubwa?

Swali limetoka kwa msomaji wa Kitangari, Newala. Nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo fundi. Nina mashine ndogo ya kusaga mahindi na makopa, ipo bandani nyuma ya nyumba. Mota yake iliungua, nikanunua ya mtumba Masasi, hosipawa 3 vilevile, ya umeme wa njia moja. Kijana wetu wa umeme ameifunga palepale, puli zilezile: ya mota sm 20, ya mashine sm 10. Tangu hapo nikiwasha inanguruma, inachelewa kushika mwendo, mashine nzima inatetemeka, na mara nyingi breka inakata. Ikikubali kwenda, debe moja tu mota haishikiki kwa moto. Halafu nikigusa bomba la unga nasikia kama sisimizi vidoleni, na juzi ya mvua ilimpiga mteja shoti. Kijana anasema tuweke breka ya ampea 40 mambo yataisha. Nimetuma picha za vibati vya mota zote mbili, ya breka na ya banda. Aweke? Na nikitaka jenereta kwa siku za umeme kukatika, ninunue ya ukubwa gani?"

Marahaba, binti yangu. Asiweke, na sababu nitakupa. Ila kwanza nenda kaizime mashine hiyo kwenye swichi kuu, uwakanye watoto wasiisogelee, na wateja uwaombe waende kwa jirani siku mbili tatu. Breka inayokata hainitishi. Hao sisimizi ndio wananitisha.

Angalia picha yako ya banda. Waya unaotoka nyumbani una njia mbili tu, laivu inayoleta umeme na nyutro inayourudisha. Ule wa tatu, wa kijani na njano, yaani ethi, haupo kabisa. Kwa hiyo mwili wa mota, fremu ya mashine na bomba la unga havina njia ya kuutoa umeme unaovuja, na mota ya mtumba ndani ya banda la unga lazima ivuje. Unga wa makopa ni laini kama poda. Unapenya mpaka kwenye koili, zile nyaya zilizosukwa ndani ya mota, unatulia pale, mvua zikianza unanyonya unyevu, na unga uliolowa unapitisha umeme. Siku kavu, ukiwa umevaa ndala, unasikia sisimizi. Siku ya mvua mteja amesimama pekupeku kwenye sakafu yenye maji, anapigwa. Umeme uliovuja siku zote mbili huenda ni uleule. Nyayo ndizo hazikuwa sawa.

Utaniuliza, mbona breka haikukata? Kwa sababu si kazi yake. Tuseme kesho kijana analeta waya wa ethi na kupigilia ethi rodi moja, fimbo ya chuma ya kuupeleka umeme ardhini, nje ya banda. Uwanda wa Makonde ni kichanga kinachomeza maji yote chini, ndiyo maana watu wa Newala na Tandahimba wanaijua foleni ya ndoo, na udongo uliokauka haupitishi umeme vizuri. Rodi moja hapo ikikupa ukinzani wa omu 50 usishangae. Sasa laivu ikigusa mwili wa mota, gawanya volti 230 kwa 50, unapata ampea 4.6. Kwa breka ya ampea 20 hiyo ni sawa na mtu anayepiga pasi. Haitakata, na mashine itakaa na umeme mwilini kutwa nzima, nawe unaamini una ethi.

Kinachokata hapo ni RCCB ya miliampea 30. Hiyo inalinganisha umeme unaokwenda kwenye mota na unaorudi. Ukipungua njiani, hata kwa sehemu hiyo ndogo ya 30 kwa 1000 ya ampea moja, inajua kuna mahali unatoroka, inakata upesi kabla mtu hajaganda. Hata ukinzani wa ardhi ukifika omu 500, inafanya kazi yake. Ina kitufe kidogo chenye herufi T. Kibonyeze mara moja kila mwezi, ukiona haikati kwa kitufe hicho, itupe ununue nyingine. Ethi bado unaihitaji, maana inaupa umeme njia ya kutorokea kabla haujapata mwili wa mtu. Rodi ipigiliwe upande unaomwagwa maji ya kuoshea vyombo, iende chini kadiri inavyowezekana, na fundi aipime. Ukinzani ukiwa mkubwa, aongeze ya pili, iwe mbali na ya kwanza kwa urefu usiopungua urefu wa rodi yenyewe, kisha aziunge pamoja.

Kuna ujanja mmoja wa mitaani ambao sitaki kuusikia bandani kwako: kuchukua nyutro na kuifunga kwenye mwili wa mashine ili "iwe ethi". Siku nyutro ikikatika au ikilegea kokote nyuma ya hapo, mwili wote wa mashine unageuka laivu, volti 230 kamili. Nimeshakuta mashine mbili zimefungwa hivyo, na waliozifunga walikuwa watu wanaojiamini sana.

RCCB ikishafungwa huenda ikakata kila ukiwasha. Hapo mtu atakwambia inasumbua, iondolewe. Usikubali, maana inasema kweli: mota inavuja. Mota ishushwe, ifunguliwe, unga utolewe kwa brashi na upepo, kisha ikaushwe. Sisi huwa tunaacha balbu ya wati 100 ikiwaka ndani yake usiku kucha na kuifunika kwa gunia. Halafu ipimwe kwa mega ya volti 500, kifaa cha kupima uvujaji, kati ya koili na mwili. Chini ya megaohmu 1 usiiwashe, ikaushwe tena au ipelekwe kwa msukaji. Multimita ya kawaida haiwezi kipimo hiki. Inapima kwa nguvu ya betri yake tu, itakuonyesha kila kitu ni safi wakati koili inavuja.

Sasa tuje kwenye breka na moto wa mota. Picha za vibati ndizo zilizonipa jibu, na ninakushukuru kwa kuzipiga zikasomeka. Kibati cha mpya kinasema kW 2.2, volti 230, Hz 50, ampea 14, na 2850. Cha ile iliyoungua kinasema kW 2.2, volti 230, Hz 50, ampea 14, na 1420. Kila kitu kimelingana isipokuwa namba ya mwisho, na hiyo ndiyo hamkuisoma. Ni mizunguko kwa dakika. Kuna mota hukaribia mizunguko 1500, kuna hukaribia 3000, kutegemea ilivyosukwa ndani. Zote mbili ni hosipawa 3, kwa macho zinafanana, na muuzaji hakukudanganya.

Fanya hesabu nami. Puli ya mota sm 20, ya mashine sm 10: kila mota ikizunguka mara moja, mashine inazunguka mara mbili. Ile ya zamani ya 1420 ilikuwa inaizungusha mashine mara 2840 kwa dakika, na hivyo ndivyo ilivyotakiwa. Hii ya 2850 inataka kuizungusha mara 5700! Nguvu inayozitupa nje nyundo za kusagia zilizomo ndani ya mashine inaongezeka mara 4 mwendo ukiongezeka mara 2, kwa hiyo pini zilizoshika nyundo zinabeba mara 4 ya zilichobeba. Upepo unaopigwa na nyundo hizo, kwa kanuni ya feni, unataka nguvu mara 8, hata kabla hujamimina punje moja. Mkanda wenyewe kwenye puli ya sm 20 ungekimbia mita 30 kwa sekunde, ambayo ni kilomita 107 kwa saa. Basi la abiria mwisho wake kisheria ni 80. Ndiyo maana inanguruma, inachelewa, inatetemeka, inachemka. Mmeipa mota ya hosipawa 3 kazi ya mota kubwa mara kadhaa, na breka ndiyo imekuwa ikiwaombea.

Dawa yake haina gharama kubwa. Toa puli ya sm 20 kwenye mota, weka ya sm 10 yenye mifereji 2 ya mkanda wa saizi A. Mashine itarudi kwenye 2850, karibu sawasawa na zamani. Mikanda ya sasa italegea. Ama ununue mifupi kwa kama sm 16, ama irudishe mota nyuma kama sm 8, nafasi ikiwepo. Kabla ya kuwasha, fungua kifuniko cha mashine uangalie pini na nyundo moja moja, kwa sababu siku zote hizi zimekuwa zikivutwa kupita kiasi. Pini iliyopinda au nyundo yenye ufa isirudi humo. Ukibadilisha nyundo, badilisha na ile inayoikabili, uzito ulingane, la sivyo mtetemo utakuwa palepale.

Ningeweza kuishia hapo, lakini waya wako nao una lake.

Umeandika kwamba kutoka nyumbani mpaka bandani ni mita 40 hivi, na kwenye picha waya umeandikwa 1.5, yaani unene wa milimita mraba 1.5. Mota ya namna hii wakati wa kuanza huvuta mara 5 mpaka 6 ya ampea zake za kawaida, yaani 70 mpaka 84 kwa sekunde chache. Ampea hizo zikipita kwenye waya mwembamba wa mita 40 kwenda na 40 kurudi, umeme unaliwa njiani. Nyumbani una volti 230, kwenye mota zinafika kama 180. Nguvu ya mota kuanza haipungui kwa kiasi hichohicho, inapungua zaidi: volti zikishuka kwa asilimia 22 hivi, nguvu inashuka karibu asilimia 40. Mota inahangaika, muda wa kuanza unarefuka, koili inachemka. Ukiweka waya wa 6 wa shaba, zitafika kama 215 na mota itaruka mara moja. Wa 4 unaweza kubeba ampea 14 bila shida, lakini kwa umbali wako, na kwa Kitangari ambako jioni umeme nao huja mdogo, ningelipia wa 6. Ununue wenye njia tatu, ethi iwemo humohumo. Dukani ukwangue kidogo kwa kisu: ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, mwachie mwenyewe.

Sasa unaona kwa nini breka ya 40 ni hatari? Breka kazi yake kubwa ni kuulinda waya. Waya wa 1.5 unaoanza kuchemka kwenye ampea 20 ukiuwekea breka ya 40, utaungua ukutani au juu ya dari ya makuti kabla breka haijajua. Zaidi ya hapo, kwenye picha breka yenu imeandikwa B20. Herufi hiyo watu huiruka. B hukata papo hapo umeme ukifika mara 3 mpaka 5 ya namba yake, yaani kuanzia ampea 60, na mota yako hupita hapo kila inapoanza, hata ikiwa nzima. Breka za mota ni C, ambazo huvumilia mpaka mara 5 mpaka 10, au D kwa mota nzito zaidi. Kwa waya wa 6, weka C25. Msimlaumu kijana, alichokiona ni breka inayokata mota ikianza, akawaza breka ni dhaifu. Alikosea namba, herufi ndiyo ilikuwa shida.

Lakini hata C25 haiilindi mota. Mota ya ampea 14 ikivuta 20 kwa nusu saa itaungua na breka iko kimya. Mlinzi wake anaitwa ovalodi, nayo hukaa ndani ya stata, kisanduku cha kuwashia mota, pamoja na kontakta, swichi inayoshikwa na umeme wenyewe, na vitufe viwili, cha kijani na chekundu. Ovalodi ina kigurudumu kidogo cha namba. Kiwekwe kwenye 14, namba ya kibati, na kisisogezwe hata mteja akilalamika. Kwa sababu ovalodi nyingi zimetengenezwa kwa umeme wa njia tatu, fundi aupitishe umeme wenu kwenye nguzo zake zote 3 kwa mfululizo. Akitumia nguzo moja tu au mbili, itakata ovyo na lawama zitarudi kwenye mota.

Stata ina faida nyingine inayonigusa binafsi. Umeme ukikatika, kontakta inaachia, na ukirudi mota haiwaki mpaka mtu abonyeze kijani. Wewe sasa unatumia swichi ya kawaida ya ukutani. Miaka mingi nyuma nilikuwa kwenye karakana moja Mtwara mjini, mota ya msumeno imefungwa kwa swichi kama yako. Umeme ukakatika, mwenzangu akaingiza mkono kuunyoosha mkanda uliokuwa umepinda. Hakuzima swichi, nani anazima swichi wakati umeme haupo? Ukarudi. Ncha ya kidole cha shahada tuliiokota kwenye maranda. Tangu siku hiyo mota yangu haifungwi bila stata, na mkono wangu haugusi mkanda kabla sijazima swichi kuu, nikatoa na fyuzi, nikaitia mfukoni.

Kuhusu ufungaji wenyewe sina mengi. Naona mota imekaa juu ya mbao mbili kwenye sakafu ya udongo. Mimina zege, uweke boliti nne zilizozama humo, na juu yake reli mbili za chuma zenye matundu marefu ili mota iweze kusogezwa mbele na nyuma kukaza mikanda. Kunyoosha puli hakuhitaji mashine ya kisasa: chukua uzi, uvute ukapita usoni mwa puli zote mbili. Uguse sehemu nne kwa wakati mmoja, kingo mbili za puli hii na mbili za ile. Ukigusa tatu na ya nne ikaachia hata upana wa ukucha, mkanda utalika upande mmoja na beringi ya mbele italia kabla ya msimu wa korosho kwisha. Mkanda ukazwe kiasi kwamba ukiubonyeza katikati kwa kidole gumba, kama shafti ziko sm 60 kutoka hii mpaka hii, unabonyea sm 1. Mafundi wetu wengi wanaukaza kama waya wa gitaa, kisha beringi ndizo zinazolipa.

Halafu ufunike mkanda. Bati au wavu wa chuma, pande zote mbili, uwe wa kufungwa kwa boliti usiweze kuondolewa kwa mkono. Wateja wako wengi ni kina mama waliojifunga kanga, na wengine wamebeba mtoto mgongoni na pindo linaning'inia. Pindo la kanga likiguswa na mkanda halichaniki, linavuta. Chora na mstari sakafuni: wateja waishie hapo, debe wakupe mkononi.

Kwenye kuwasha, tabia moja inaokoa mota kuliko nyingine zote: washa ikiwa tupu, zima ikiwa tupu. Ikishika mwendo na sauti ikatulia, ndipo ufungue mahindi kidogokidogo. Ukiwa unafunga kazi, funga mlango wa kumiminia, iache isage iliyobaki, ndipo uzime. Umeme ukikatika katikati ya debe, mashine imejaa. Umeme ukirudi usibonyeze kijani kwanza. Toa yaliyomo, kisha uwashe. Makopa yaliyoanikwa vibaya, yale yanayopinda badala ya kuvunjika, yarudishe juani. Yanaziba chujio, na chujio likiziba mota ndiyo inayolia.

Ikinguruma bila kuzunguka, usiihesabie. Sekunde 3 nyingi, zima. Subiri ipoe, jaribu mara ya pili, ikikataa acha. Mara nyingi ni kapasita ya kuanzia. Mota yako ina mikebe miwili mgongoni: mmoja wa kuanzia, wenye namba kubwa ya maikrofaradi, unaoingia kwa sekunde chache tu kisha swichi ya ndani inautoa mota ikifika kama robo tatu ya mwendo wake, na mmoja wa kukimbilia, unaobaki kazini muda wote. Mkebe ukivimba kichwani, ukivuja mafuta au ukinuka, umekwisha, ununuliwe wenye maikrofaradi zilezile na volti zisizopungua zake. Ila wewe usiufungue. Kapasita hubaki na umeme hata waya ukichomolewa. Mimi na uzoefu wangu wote niliwahi kushika ncha zote mbili za kapasita ya pampu kwenye shamba la chumvi Lindi, nikajikuta nimekaa chini kwenye matope nikiwa bado na bisibisi mkononi. Fundi auondoe umeme huo kwa balbu au kwa rezista, si kwa kugusisha bisibisi mpaka icheche.

Na mtu asije akakuonyesha ujanja wa kuivuta mikanda kwa mkono ili mota "isaidiwe" kuanza. Inaanza kweli, na mkono inao.

Joto usilipime kwa kusema haishikiki. Mota nzima ya saizi hii, ikifanya kazi, mwili wake unaweza kufika nyuzi 60 au 70, na mkono wa binadamu hauvumilii hapo. Dondoshea tone la maji juu ya mapezi yake, mbali na kisanduku cha waya. Likikauka polepole, vizuri. Likichemka na kutoa sauti, zima. Joto ndilo linalokula maisha ya koili: sisi wasukaji tunahesabu kwamba kila nyuzi 10 juu ya kiwango, umri wa koili unakatika nusu. Bora zaidi ya tone la maji ni klampu mita, kipimo cha ampea, ambayo fundi anaifungia waya mmoja tu wa laivu wakati unasaga. Isome mashine ikiwa imejaa kawaida. Ikiwa 14 au chini, saga ulale usingizi. Ikiwa 16, punguza unavyomimina au ubadilishe chujio.

Matunzo mengine ni ya ufagio. Kila jioni, mota ikiwa imezimwa na imepoa, futa unga juu ya mapezi na kwenye kofia ya feni ya nyuma. Usipulizie maji, na usiweke gunia juu yake eti unaikinga na vumbi. Feni inavuta hewa kutoka nyuma, na gunia linaifunga pumzi. Acha nafasi ya sm 30 hivi kati ya kofia hiyo na ukuta. Ukikaa wiki mbili bila kusaga, chungulia ndani ya kofia kabla ya kuwasha, maana nyigu wa udongo wanapenda sana pale, na kiota chao kikikauka kinakuwa tofali. Kisanduku cha waya kiwe na kifuniko na raba yake. Mijusi huingia humo kufuata joto, na nimewakuta wamekaukia kati ya laivu na mwili. Kama ungekuwa Mikindani au Lindi pwani ningekuongezea habari ya chumvi inayokula boliti na vituo vya waya. Huko kwenu juu adui ni unga na unyevu wa mvua.

Beringi utazisikia mwenyewe. Mota ikiwa imezimwa na mikanda imetolewa, izungushe shafti kwa mkono: iteleze kimya. Ikikwaruza kama mchanga, au ikicheza juu na chini, beringi zibadilishwe sasa, kabla roto, ile sehemu inayozunguka, haijaanza kusugua chuma cha koili kinachoizunguka, kwa sababu hapo utakuwa unanunua mota. Beringi zilizofunikwa pande zote mbili haziongezwi grisi, zinabadilishwa tu. Mara moja kwa mwaka, kabla ya mvua za Desemba, fundi akaze vituo vyote vya waya kuanzia kwenye breka mpaka kwenye mota, na apime tena kwa mega. Kituo kilicholegea kinachemka, plastiki yake inageuka rangi ya kahawia, na ndipo moto wa mabanda mengi unapoanzia.

Kazi ya waya, ethi na RCCB mpe fundi mwenye leseni ya EWURA. Puli, mikanda, zege na usafi mnaweza wenyewe na kijana wenu, na naye akiwepo fundi anapofanya atajifunza.

Kuhusu jenereta: mota ya hosipawa 3 inafanya kazi kwa kW 2.2 lakini inaanza kwa zaidi sana, kwa hiyo jenereta ya kVA 3 au 4 itazimika kila ukibonyeza kijani, au itakupa umeme mdogo wa kuichemsha mota. Usishuke chini ya kVA 8. Na iingie kupitia chenji ova, swichi yenye TANESCO upande mmoja na jenereta upande wa pili na sifuri katikati, isiwezekane zote mbili kuwa ndani. Ukiichomeka tu kwenye soketi ya nyumbani, umeme wako utatoka nje mpaka kwenye nguzo, na juu ya nguzo hiyo kuna mtu anarekebisha laini akijua imezimwa.